Mtoto Aliyekatwa Tonsili: Dawa Ipi, Kiasi Gani, Saa Ngapi

Hapa kwetu Garissa, mtoto anapokatwa tonsili, shughuli yote huwa ni ya siku ile moja. Jamaa hukusanyika nje ya chumba cha upasuaji, dua huombwa, na mtoto akitoka salama kila mtu hushukuru na kushika njia yake. Lakini upasuaji wenyewe aghalabu haufiki saa moja, ilhali maumivu yake huchukua siku 10 hadi 14, nayo huuguzwa nyumbani, na mama. Tena si maumivu yanayopungua siku hadi siku. Mara nyingi siku ya tatu hadi ya tano huwa kali kuliko ya kwanza, na mtoto hulalamikia hata sikio, kwa kuwa koo na sikio hushirikiana mishipa ya fahamu.

Wako wazee wetu wanaosema mtoto afunzwe subira, hasa wa kiume. Subira ni tabia njema, wala hatuipingi. Ila mtoto wa miaka 4 hajawa mukallafu, na koo lenye kidonda halifundishi adabu yoyote. Linalofanya ni kumzuia kumeza. Asiyemeza hanywi, na asiyekunywa katika joto la mji huu linalopita nyuzi 35 hukaukiwa maji upesi, kisha kidonda nacho hukauka na kuuma zaidi. Kumpa dawa ya maumivu si kumdekeza. Ni sehemu ya tiba kama kisu cha daktari kilivyokuwa sehemu yake.

Dawa ya kwanza ni parasetamoli. Katika siku za mwanzo hupewa kwa saa, bila kungoja mtoto alie, kwani maumivu yakishapanda kuyateremsha ni kazi. Kwa sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta, hesabu ni nyepesi: saa 12 asubuhi, saa 6 adhuhuri, saa 12 jioni inapokaribia magharibi, na saa 6 usiku. Mara 4 kwa siku, isizidi. Ile ya usiku ndiyo wengi huiruka kwa kumhurumia aliyelala, na ndiyo maana alfajiri huamka akipiga kelele.

Kiasi chake hufuata uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, kila mara apewapo. Mtoto wa kilo 16 hupata miligramu 240. Ikiwa chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, hizo ni mililita 10. Lakini zipo chupa zenye miligramu 250 kwa mililita 5, na mililita 10 za chupa hiyo ni zaidi ya maradufu, wakati anachohitaji hakifiki mililita 5. Basi anayesema "nilimpa kiasi kilekile cha jana" hajasema neno mpaka aeleze ni chupa ipi. Kijiko cha chai si kipimo. Ombeni duka la dawa bomba dogo la sindano lisilo na sindano yake. Na tazameni dawa za mafua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani, na ikizidi huliumiza ini.

Ya pili ni ibuprofeni, ambayo wengi huiita Brufen, baada ya chakula, kwa ruhusa ya daktari aliyempasua. Mwongozo wa madaktari wa koo wa Marekani wa mwaka 2019 unazipendekeza zote mbili. Mwenye maradhi ya figo, au aliyekaukiwa maji, asipewe. Mwenye pumu aulizwe kwanza kwa daktari. Aspirini iwe mbali kabisa na mtoto.

Sasa tufike kwenye lililotufanya tuandike. Katika makabati yetu hukaa vidonge vilivyobaki vya babu aliyevunjika nyonga, au sharubati ya kikohozi ya mtu mzima, na huruma ya usiku wa manane huweza kuvifikia. Ndani yake huenda mkawa na kodeini au tramadoli. Ini huibadilisha kodeini kuwa mofini. Kwa baadhi ya watu huibadilisha kwa kasi na wingi kupita kiasi, na mtoto hulala, pumzi ikapungua, asiamke. Mwaka 2009 watafiti wa Toronto, Kanada, walieleza habari za mtoto wa miaka 2 aliyefariki hivyo baada ya kukatwa tonsili. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza kodeini kwa watoto baada ya upasuaji huu, na mwaka 2017 ikaikataza pia tramadoli.

Hili linatugusa kuliko linavyowagusa Wazungu wa kaskazini, ambao kati yao wenye ini la namna hiyo ni 1 au 2 katika 100. Watafiti waliowapima watu wa Ethiopia walikuta wenye urithi huo ni kama 29 katika 100, na kwa Waarabu wa Saudia ni kama mmoja katika watano. Damu ya Uhabeshi, Arabuni na mwambao wetu imechanganyika karne nyingi. Hakuna mzazi, awe wa Wajir au wa Lamu, awezaye kulijua hilo kwa kumtazama mwanawe. Na aliyekuwa akikoroma na kukatika pumzi usingizini kabla ya upasuaji yumo hatarini zaidi.

Chakula si cha kushindania. Apewe dawa, ipite nusu saa, kisha maji baridi, maziwa ya ngamia, uji uliopoa, anjera laini. Chai isiwe ya moto. Ukwaju na ndimu vitamchoma. Asali kwa aliyepita mwaka mmoja ni njema, ila haichukui nafasi ya dawa. Na ikiwa ni Ramadhani, mtoto mwenye hamu ya kufunga na wenzake asubiri kidonda kipone. Utando mweupe kooni na harufu mbaya visiwatishe. Ndivyo kidonda hiki kiponavyo.

Kinachotisha ni damu. Huweza kutoka katika saa 24 za kwanza, au siku ya 5 hadi ya 10, utando unapobanduka, wakati ambapo familia nyingi zimekwisha kurudi Masalani, Dadaab au ng'ambo ya Wajir. Ushauri wetu ni kukaa kwa ndugu mjini wiki 2, hata kama mifugo inangoja. Mtoto aliyelala akimezameza mfululizo, mwasheni taa mtazame kinywa. Mkiona damu mbichi, mkalisheni ameinama mbele, ateme asimeze, na mwende hospitali saa ileile. Vivyo hivyo kwa asiyeamka vizuri, anayevuta pumzi kwa shida, au asiyekojoa tangu asubuhi hadi magharibi. Gari la usiku huo lijulikane mapema ni la nani, na namba ya dereva iwe kwenye simu ya mama, si ya baba aliye safarini.