Mpango wa Utafiti katika Ombi la Ufadhili wa Serikali ya Japani: Maelezo kwa Idara za Lugha za Kiafrika

Tangu mwaka 1954 Serikali ya Japani imekuwa ikigharimia masomo ya wageni katika vyuo vikuu vyake. Ufadhili huo husimamiwa na wizara yake ya elimu, ambayo tangu mwaka 2001 hushughulikia pia utamaduni, michezo, sayansi na teknolojia. Miongoni mwa mafungu yake limo la wanafunzi wa utafiti, yaani wale waliokwisha kupata shahada ya kwanza au ya pili. Mwombaji halipi karo, hupewa nauli ya kwenda na kurudi, na hupata posho ya kila mwezi.

Wanafunzi wa sayansi na uhandisi wameizoea njia hii. Wanafunzi wa isimu na fasihi ya Kiafrika, kwa upande wao, huidhania kuwa si yao. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ombi linavyopimwa, na kuonyesha kwamba alama nzuri humfikisha mwombaji mlangoni tu. Kinachomwombea nafasi ya kuingia ni mpango wake wa utafiti.

1. Maana ya mwanafunzi wa utafiti

Jina lenyewe lahitaji ufafanuzi. Katika vyuo vikuu vya Japani, mwanafunzi wa utafiti, aitwaye kwa Kijapani "kenkyusei", ni mtu aliyekubaliwa kufanya uchunguzi chini ya profesa fulani bila ya kuandikishwa kusomea shahada. Wengi wa wafadhiliwa huanzia katika daraja hiyo. Asiyejua Kijapani hupewa kwanza mafunzo ya lugha kwa muda wa miezi sita. Baadaye hufanya mtihani wa kuingia katika masomo ya uzamili au ya uzamifu, na akifaulu huomba ufadhili wake uendelezwe. Asipofaulu, ufadhili hukoma muda wa daraja ile ya kwanza unapokwisha. Basi, anayeeleza katika ombi lake kwamba anakwenda moja kwa moja kuchukua udaktari huenda amejihesabia hatua ambazo bado hajazipiga.

Kuna pia sharti la umri. Mwombaji hutakiwa awe chini ya miaka 35 ifikapo mwanzo wa Aprili ya mwaka anaotarajiwa kuanza masomo. Sharti hili huwaelemea hasa wanafunzi wa lugha, kwa kuwa wengi wao hufundisha shule za sekondari huku wakisoma. Mwalimu aliyeanza uzamili akiwa na miaka 29, akachukua miaka minne kuumaliza, huwa na miaka 33 anapotoka, na aghalabu amebakiwa na nafasi moja tu ya kuomba. Mpango ulioandikwa kwa haraka siku tatu kabla ya kufungwa kwa maombi waweza kumnyima nafasi hiyo pekee.

2. Wasomaji watatu wa mpango mmoja

Ombi lipitialo ubalozini huwa na hatua tatu. Matangazo hutolewa kwa kawaida kati ya Aprili na Mei. Ubalozi hupokea fomu, mpango wa utafiti, muhtasari wa tasnifu, hati za matokeo na barua ya mwalimu. Kisha huwapa wateule mtihani wa Kiingereza na wa Kijapani, na kuwahoji. Wanaofaulu hupewa cheti, nao hukitumia kuviandikia vyuo vikuu ili wapate barua ya kukubaliwa kwa masharti. Mwishowe wizara huko Tokyo ndiyo hutoa uamuzi na kumpangia kila mmoja chuo.

Ni dhahiri kwamba mpango ule ule husomwa na watu wa aina tatu. Jopo la ubalozini huenda lisiwe na mwanaisimu hata mmoja. Profesa anayeombwa awe msimamizi, kinyume chake, ni bingwa wa jambo lenyewe, na hutambua mara moja kama mwombaji ameyasoma maandishi ya wenzake. Wizara nayo hutaka kuona kwamba kazi itawezekana katika muda uliowekwa. Mpango ulioandikwa kwa istilahi tupu humpoteza msomaji wa kwanza. Ulioandikwa kwa maneno ya jumla humchosha wa pili. Usio na ratiba humtia shaka wa tatu.

3. Swali la "kwa nini Japani?"

Swali hili halikwepeki, nalo ndilo huwaangusha wengi. Kujibu kwamba Japani ni nchi iliyoendelea si kujibu. Aidha, wapo wanaoona haya kulijibu, wakidhani kwamba ni kioja Mwafrika kuifuata lugha yake ugenini. Lakini uchunguzi wa lugha za Kiafrika umetia mizizi huko. Taasisi ya Utafiti wa Lugha na Tamaduni za Asia na Afrika ilianzishwa Tokyo mwaka 1964. Kiswahili hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Osaka, kilichounganishwa mwaka 2007 na kile cha Lugha za Kigeni cha mji huo. Mwaka 1986 Shigeki Kaji alichapisha msamiati wa Kitembo, lugha ya mashariki ya Kongo, ukiwa na maelezo kwa Kiswahili cha nchi hiyo, kwa Kijapani na kwa Kifaransa. Nobuko Yoneda ameichunguza sarufi ya Kimatengo, na Yuko Abe ile ya Kibende, zote mbili zikiwa lugha za Tanzania.

Jibu la kweli, basi, hutoka katika maandishi kama haya. Mwombaji aeleze ni kazi ipi aliyoisoma, imemwachia swali gani, na kwa nini swali hilo linafaa kuchunguzwa chini ya msimamizi fulani.

4. Mfano

Tuseme mwanafunzi anataka kuchunguza "Umuhimu wa Kiswahili katika Maendeleo ya Afrika". Mada hii haina mpaka, haina data, wala haina swali. Mwingine anataka kuchunguza virejeshi katika Kivumba, lahaja ya Wasini na Vanga katika pwani ya kusini ya Kenya: ni wakati gani msemaji hutumia kirejeshi kilicho ndani ya kitenzi, kama katika "kitabu nilichokisoma", na ni wakati gani hutumia muundo kama ule wa "amba-"? Hapa pana swali ambalo hata asiye mwanaisimu hulielewa akipewa mifano miwili, na ambalo bingwa wa sarufi za Kibantu hulipokea kwa kuwa laweza kulinganishwa na lugha nyingine.

Hata hivyo, wasemaji wa Kivumba wako Wasini, hawako Osaka. Mpango mzuri hueleza data ipi imekwisha kurekodiwa, na ipi itakusanywa baadaye kwa kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi na kwa ridhaa ya wenyeji. Hueleza pia nakala za rekodi zitahifadhiwa wapi nchini, ili lahaja isisafirishwe ikasahaulika kurudishwa.

Jambo la mwisho ni lugha ya ombi. Fomu hujazwa kwa Kiingereza au Kijapani, na hati za lugha nyingine huambatishwa tafsiri. Mwanafunzi aliyeandika tasnifu yake kwa Kiswahili hana sababu ya kuificha. Atafsiri muhtasari kwa uangalifu, aiache mifano katika lugha yake, na chini ya kila mfano aweke maana ya kila mofimu. Istilahi kama "ngeli", "yambwa" na "mnyambuliko" zisitafsiriwe kwa kubahatisha, zifafanuliwe.

5. Wajibu wa idara

Barua ya mwalimu hudhaniwa kuwa ni cheti cha tabia njema. Inayosema tu kwamba mwanafunzi ni mwenye bidii na heshima haimsaidii, kwa kuwa maneno hayo huandikwa juu ya kila mtu. Mwalimu aliyeusoma mpango huweza kusema ni tatizo gani mwanafunzi alilitatua katika tasnifu yake, na kwa nini anaweza kulibeba lile analoliomba.

Kwa sababu hiyo kazi ianze mapema, kiasi cha mwaka mmoja kabla ya tangazo. Idara ingeweza kutenga semina moja ambamo kila mwanafunzi wa uzamili hueleza swali lake mbele ya wahadhiri wa lugha na mbele ya mhadhiri mmoja wa fani nyingine kabisa. Yule wa mwisho akilielewa, jopo la ubalozini nalo litalielewa. Na hata kama ufadhili haukupatikana, mwanafunzi atakuwa amepata swali la utafiti lenye mpaka, ambalo anaweza kulianza papa hapa nyumbani.