Kutoka Jiko la Umeme Hadi la Gesi: Tupige Hesabu Kwanza

Ramadhani inapokaribia, mazungumzo ya jikoni huwa ni mamoja: tokeni. Jiko la umeme likiwashwa tangu alasiri kwa ajili ya mbaazi, uji na viazi vya karai, uniti humalizika kabla ya adhana ya magharibi. Si ajabu, basi, kwamba akina mama wengi wa Mombasa wanawaomba waume zao wahamie kwenye gesi. Ombi hilo ni la haki, ila wapo walioahidiwa nafuu wasiyoiona.

Kilo moja ya gesi ina joto la karibu uniti 13 za umeme. Mtungi wa kilo 13 una uniti zipatazo 165. Lakini karibu nusu ya joto la gesi hupotea kandokando ya sufuria, ilhali koili ya umeme hupoteza kama robo tu. Kwa upishi uleule, mtungi huo hushika nafasi ya uniti baina ya 110 na 125. Itazame bei ya kujaza mtungi dukani kwako, kisha uilinganishe na gharama ya uniti hizo kwenye risiti zako. Huenda tofauti ikawa ndogo kuliko isemwavyo mitaani.

Nafuu yenyewe hutokea kwengine. Kenya Power hutoza nyumba kwa madaraja: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini, wa baina ya 30 na 100 hulipa zaidi, na wapitao 100 hulipa bei ya juu kabisa. Upishi peke yake waweza kuipandisha nyumba daraja la juu, na hapo taa, friji na feni (nani Mombasa alale bila feni?) navyo vikawa ghali. Ukiutoa upishi ukashuka daraja, kila uniti iliyobaki hupungua bei.

Kinachoumiza ni gharama ya kuanzia: mtungi, regulata, mpira, jiko na gesi ya kwanza, vyote kwa pamoja. Hapo ndipo wauzaji huleta malipo ya polepole yenye riba ndani yake. Afadhali kusubiri zamu ya chama, au kuanza na mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Wala bei ya gesi haitulii. Mwaka 2021 ilirudishiwa kodi ya VAT ya asilimia 16, mwaka 2022 ikawa asilimia 8, na mwaka 2023 ikaondolewa.

Usibane matumizi kwenye mpira na regulata. Gesi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutanda sakafuni. Mtungi usimame wima penye hewa, si chini ya ngazi. Maungio yapakwe povu la sabuni: likifanya mapovu, panavuja. Na ukiamka kupika daku ukasikia harufu, usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Funga mtungi, fungua madirisha, uwatoe watoto nje.