Kiti cha polisi kwenye meza ya leseni

Kuna karatasi ambayo hubandikwa ubaoni nje ya ofisi ya chifu, kando ya tangazo la ng'ombe aliyepotea na orodha ya vitambulisho vilivyo tayari kuchukuliwa, na ni wachache wanaoisoma hadi chini. Ni orodha ya walioomba leseni za kuuza pombe: jina la mwombaji, aina ya leseni, mahali anapotaka kufungua, na siku ambayo kamati itaketi. Baa ikishafunguliwa na spika zikaanza kutikisa mabati ya majirani, ndipo mtaa unapouliza ni nani aliyeiruhusu. Nafasi ya kusema ilikuwa imening'inia pale ubaoni.

Nchini Kenya, msingi wa utaratibu huu ni Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wanywaji waliibatiza Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha wakati huo, aliyeisukuma bungeni. Wengi huikumbuka kwa saa zake: baa isifunguliwe kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi, wikendi na sikukuu kabla ya saa nane mchana, na ifungwe saa tano usiku. Kilichosahauliwa ni kamati. Sheria iliweka kamati katika kila wilaya chini ya mkuu wa wilaya, na ndani yake kukawa na afisa wa afya, mjumbe kutoka baraza la mji, wakazi, pamoja na OCPD, yaani mkuu wa polisi wa eneo. Katiba ya mwaka huohuo, katika Jedwali la Nne, ikazikabidhi kaunti kazi ya leseni za vileo. Kaunti zikatunga sheria zao, na kamati zikahamia kwenye kaunti ndogo.

Sauti nyingine mezani ni rahisi kuzielewa. Afisa wa afya anatazama vyoo, maji na hali ya jengo. Shule nayo inapimwa kwa futi kamba: baa mpya iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka mahali wanaposoma watoto. Mawakili hawakosi la kubishania hata hapo (kipimo kianzie langoni au ukutani?), lakini walau kipimo kipo.

Polisi ndiye mgumu. Yeye ndiye anayejua ni baa gani watu hutolewa wakiwa wanavuja damu, ni ipi inayouzia watoto, na ni ipi ambayo kelele zake ni za muziki tu. Ni shahidi mkuu, kwa kifupi. Sasa shahidi huyo amepewa kiti miongoni mwa waamuzi, na hapo ndipo ninapotofautiana na walioandika sheria.

Tazama wanavyofanya England na Wales. Sheria yao ya Leseni ya 2003, iliyoanza kutumika Novemba 2005, ilizitoa leseni za pombe mikononi mwa mahakimu na kuzipeleka kwenye mabaraza ya miji. Mwombaji hubandika tangazo la karatasi ya samawati mbele ya jengo lake kwa siku 28. Ndani ya siku hizo polisi, zimamoto, watu wa mipango miji au jirani yeyote anaweza kuandika pingamizi. Wote wakinyamaza, baraza halina hiari, leseni inatoka. Mmoja akipinga, madiwani watatu huketi kusikiliza. Polisi hana kura. Anasimama na karatasi zake kama mlalamikaji mwingine yeyote, na upande wa baa una haki ya kumjibu.

Hata ukimya wake una uzito. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya huko iliamua kesi ya baa moja ya Wirral, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, iliyotaka kuongezewa saa. Polisi walikuwa wamepinga, wakakubaliana na mwenye baa juu ya masharti, kisha wakaondoa pingamizi lao. Baraza likatoa saa. Wakazi wakakata rufaa, na mahakimu wakazipunguza kwa kuhofia vurugu. Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo: baa ilikuwa imeshafanya kazi kwa saa hizo ndefu kwa miezi kadhaa bila matatizo ya kutajika, na polisi, ambao ndio wenye kumbukumbu za vurugu, hawakuwa na neno. Hofu pekee haikutosha.

Lakini polisi wakija na neno, mlango hufungwa. Mwaka 2016 vijana wawili wenye umri wa miaka 18 walifariki katika kiangazi kimoja kwa dawa za kulevya zilizohusishwa na ukumbi wa Fabric, jijini London. Polisi wakaomba leseni ipitiwe upya, na mwezi Septemba baraza la Islington likaifuta. Rufaa ilikuwa njiani, lakini Novemba pande hizo zikapatana, ukumbi ukarudishiwa leseni yake kwa masharti mapya makali, yakiwamo ya kukagua vitambulisho kwa mashine.

Nisije nikawasifu mno. Polisi hao hao wa London kwa miaka mingi walikuwa na fomu namba 696 ya kutathmini hatari ya matamasha, ambayo hapo awali iliuliza hata kabila la wahudhuriaji. Baada ya malalamiko mengi, hasa ya wanamuziki weusi, iliachwa Novemba 2017. Maoni ya polisi nayo yanahitaji mtu wa kuyahoji, na kuhoji ni vigumu kama mhojiwa ameketi upande wako wa meza.

Kuna tofauti nyingine. Leseni ya huko, kwa kawaida, haina mwisho hadi irudishwe au ifutwe, kwa hiyo polisi anayetaka baa ifungwe hana budi kufungua shauri na kuleta ushahidi. Ya Kenya ni ya mwaka mmoja. Kila mwaka mwenye baa anarudi kwa kamati ileile, na anajua ni nani anayeketi hapo. Katikati ya mwaka ni askari wa mkubwa huyohuyo wanaokuja kufanya msako. Sihitaji kueleza kwa nini wenye baa wengi hupenda kuishi vizuri na kituo.

Isitoshe, polisi ni wa serikali ya kitaifa na leseni ni ya kaunti. Mwenye baa anaweza kuwa na karatasi halali ukutani na askari mlangoni, kila mmoja akimtaja bosi tofauti.

Kwa mkazi, njia ya kuitumia kamati hii iko kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Ukisumbuliwa na baa, piga ripoti kituoni na uchukue namba. Ukisumbuliwa tena, rudi. Karatasi ya ubaoni ikitoka, andika pingamizi lako ukitaja tarehe, saa na namba hizo, na nakala imfikie mwombaji. Barua inayosema baa fulani inaleta uhalifu haina mahali pa kushikwa. Yenye namba tatu za OB inamlazimu mwenyekiti kumgeukia afisa aliyeketi kando yake na kumuuliza kitabu cha kituo chake kinasema nini.