Mashujaa wa Keya Wasio na Majina

Tarehe 20 Oktoba 2020, Sikukuu ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa katika uwanja wa Gusii, mjini Kisii. Siku hiyo nilimkumbuka babu yangu mzaa mama, mtu wa upande wa Nyamira, aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Alituachia nyota ya shaba yenye ncha sita, na utepe wake wa rangi ya samawati iliyokoza, nyekundu na chungwa. Nilipokuwa mwanafunzi niliigeuza nikitafuta jina lake nyuma. Palikuwa patupu.

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba herufi zilifutika kwa kusuguliwa. Baadaye nilipata kujua kuwa hazikuwahi kuwapo. Serikali ya Uingereza iliamua kuwagawia wanajeshi wake nishani za kushiriki vita hivyo bila kuchora majina, awe Mzungu au Mwafrika. Katika hilo askari wetu hakubaguliwa. Lakini ipo nishani moja ambayo kwa kawaida huchorwa jina la mwenyewe nyuma yake. Hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo.

Nishani hiyo ni Msalaba wa Victoria, tuzo kuu ya ushujaa vitani katika jeshi la Uingereza. Malkia Victoria aliianzisha tarehe 29 Januari 1856, wakati wa vita vya Krimea. Si ya dhahabu wala ya fedha. Ni shaba nyeusi tu. Hadi sasa imetolewa zaidi ya mara 1,350. Inasimuliwa kuwa maneno yaliyopendekezwa kuandikwa juu yake yalisema kwamba ni ya walio mashujaa. Malkia aliyakataa, akihofia kwamba watu wangedhani wasioipata si mashujaa. Akachagua neno moja la kutaja ushujaa wenyewe. Sisi wanaisimu tunajua kwamba tofauti ya neno moja yaweza kuwa tofauti ya haki na dhuluma.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya kwa kuzitamka herufi zake KAR, lilipata Msalaba huo mmoja tu. Aliyetunukiwa ni Sajini Nigel Gray Leakey, mzaliwa wa Kenya, wa ukoo wa mtaalamu mashuhuri wa mambo ya kale, Louis Leakey. Tarehe 19 Mei 1941, huko Kolito nchini Ethiopia, vifaru vya Waitalia viliwashambulia wenzake waliokuwa wamevuka mto Bilate. Leakey alirukia kifaru kimoja, akafungua mfuniko wake, akawapiga risasi waliokuwamo isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha kukiendesha hadi mahali penye kinga. Kisha akavifuata vifaru vingine kwa miguu. Alifaulu kupanda kimoja na kumuua mmoja wa waliokuwa ndani, ndipo akapigwa risasi na kifaru kilichofuata nyuma. Maiti yake haikupatikana. Tuzo yake ilitangazwa rasmi mjini London tarehe 15 Novemba 1945.

Simwonei kijicho Leakey. Alistahili. Lakini ninawasihi walimu na wanafunzi wayasome maelezo rasmi ya tuzo yake kwa jicho la kiisimu. Maelezo hayo yanasema kwamba alipovifuata vifaru vile kwa miguu hakuwa peke yake. Aliandamana na sajini-meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Watu wanne walikwenda kwenye risasi zile zile, na mmoja tu ndiye mwenye jina. Wa pili ametajwa kwa cheo na rangi. Wawili waliosalia wametajwa kwa neno moja la Kiswahili lililoingizwa katika matini ya Kiingereza: askari. Lugha yetu ilipewa nafasi katika hati ile. Majina yetu hayakupewa.

Kwa nini? Msomaji asidhani kwamba Msalaba ule ulikuwa wa Wazungu pekee. Askari wa Kihindi waliruhusiwa kuupata kuanzia mwaka 1911, na Khudadad Khan akawa wa kwanza wao kwa ushujaa wake wa Oktoba 1914. Hata hivyo, hakuna askari Mwafrika wa Keya aliyewahi kuupata. Kwa miaka mingi askari hao walikuwa na medali yao ya mwenendo bora vitani, iliyochorwa jina la jeshi lao, hadi ilipoondolewa mwaka 1942 nao wakaanza kupewa ile ya jeshi zima la Uingereza. Zaidi ya hayo, tuzo huanza na ripoti. Lazima ofisa aone, akumbuke, aandike kwa Kiingereza, na wakubwa wake waafiki. Ofisa asiyejua jina la askari wake ataandika nini? Wahenga walisema kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Hawa walikuwapo, na lao bado halikuwapo.

Sisi Abagusii tuna sababu ya ziada ya kulitafakari jambo hili. Mnamo Januari 1908, Otenyo, akichochewa na Moraa wa Ngiti, alimchoma mkuki ofisa wa kikoloni, Northcote. Keya ndiyo iliyotumwa kutuadhibu. Otenyo aliuawa, Northcote akapona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Tarehe 12 Septemba 1914, Keya hiyo hiyo ilipigana na Wajerumani mjini Kisii. Kisha wajukuu wa watu walioadhibiwa wakavaa sare ya walioadhibu, wakapelekwa Burma. Kwa hiyo shujaa ni nani? Aghalabu huwa ni yule ambaye upande wake umeshika kalamu.

Na kalamu huweza kufanya haki ikipenda. Mwezi Agosti 1940, huko Somalia ya Waingereza, Kapteni Eric Wilson alipata Msalaba kwa kushikilia bunduki zake za rashasha siku kadhaa ingawa alikuwa amejeruhiwa. Ilidhaniwa amekufa, kumbe alikuwa mateka. Leo tunalijua jina la Omar Kujoog, sajini Msomali aliyeuawa kando yake, kwa kuwa Wilson hakunyamaza juu yake.

Sasa kalamu iko mikononi mwetu. Tuna Katiba ya mwaka 2010 iliyotuletea Sikukuu ya Mashujaa, na tangu mwaka 2014 tuna sheria ya kuwatambua mashujaa wa taifa. Lakini sheria haiwezi kumtambua mtu asiyeandikwa popote. Wazee wa Keya wamekwisha kutuacha takriban wote. Waliobaki ni wajane, wana na wajukuu, na visanduku vya bati chini ya vitanda.

Walimu wa Kisii na Nyamira, nawaombeni jambo dogo. Wapeni wanafunzi wenu zoezi moja la insha muhula ujao. Kila mmoja aulize nyumbani: nani katika ukoo wetu alikwenda vitani, alikuwa katika kikosi gani, alirudi au hakurudi? Aandike majina yote kamili, kwa Ekegusii na kwa Kiswahili, na nakala ihifadhiwe katika maktaba ya shule.

Mimi nimekwisha kuanza. Nimelikunja karatasi lenye jina la babu yangu, majina yake yote matatu, nikaliweka katika kisanduku kimoja na nyota yake.