Kompyuta Hakuna? Anza na Katoni

Wasee, tubonge ukweli. Machuo mob za mtaa hazina kompyuta za kutosha, na odijo anangoja mashine zikam ndio aanze kufunza. Hiyo form tuache. Sayansi ya kompyuta ni mawazo kwanza, na mawazo haidai stima.

Kata katoni, toa kadi tano. Chora nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Simamisha watoi watano mbele ya darasa, kila mtu na kadi yake, ya 16 ikianza kushoto kwa wenye wamekaa. Sheria ni moja: kadi inaonekana ama imefichwa. Sasa darasa litoe 19. Watabishana, halafu 16, 2 na 1 zinafunuliwa, 8 na 4 zinalala. Andika 1 kwa iliyo wazi, 0 kwa iliyofichwa: 10011. Hapo dogo ashajua vile namba hukaa ndani ya simu ya matha. Muulize kadi ya sita itakuwa na nukta ngapi. Hakuna mtu amemfunza, lakini ataitoa mwenyewe: 32.

Hii njia ilianzishwa miaka ya 1990 na Tim Bell wa University of Canterbury kule New Zealand, pamoja na Mike Fellows na Ian Witten. Waliiita CS Unplugged.

Cheki ingine. Mtoi mmoja afiche namba kati ya 1 na 1,000. Ukiuliza "ni 1? ni 2?" mtalala hapo. Uliza "imepita 500?" Jibu moja tu, nusu nzima imetoka. Endelea kukata nusu, na maswali kumi yanatosha, juu mbili kumi zikizidishana zinafika 1,024. Vile vile ndio kompyuta husaka jina kwa orodha ndefu iliyopangwa.

Mwaka wa 2022, KICD, taasisi yenye hupanga mtaala wa Kenya, ilipitisha silabasi ya kufunza watoi kuandika programu. Hiyo ni poa sana. Lakini mtoi mwenye anaingia baridi akiskia hesa hataokolewa na skrini. Anadai kuonja utamu wa kugundua kitu mwenyewe.

Kaa uko na dogo kejani, kata hizo kadi leo. Halafu mwachie swali: mbona kadi tano zinagota 31? Usimpe jibu. Akianza kubishana na wewe, jua ashaingia ndani ya hesa yenyewe.