Banda la mbao likishika moto, unene ndio kinga

KWA mfanyabiashara mdogo wa Morogoro, mbao ni nafuu ya kuanzia. Seremala hupiga nguzo, kuta na dari kwa siku chache, na fedha inayobaki hununua karoti na kabichi za Mgeta. Lakini mtaji huo unaweza kuteketea usiku mmoja. Hata Soko Kuu la Kariakoo, ambalo ni jengo la zege, liliungua Julai 2021.

Wengi hudhani mbao zote huungua sawa. Sivyo. Mbao ikifika nyuzijoto 300 hivi, uso wake hugeuka mkaa, na mkaa huo huchelewesha joto kupenya ndani. Mbao laini huliwa kwa takriban milimita 0.65 kwa dakika, yaani milimita 20 hivi kwa nusu saa, kila upande ulio wazi.

Hesabu yake ni rahisi. Nguzo ya inchi 6 kwa 6, sawa na milimita 150, ikiungua pande zote kwa nusu saa hubakiwa na milimita 110 za mbao nzima. Ya inchi 2 kwa 4 hubakiwa na milimita 10 kwa 60 tu. Hiyo haibebi paa.

Hatari ya pili ni kuta na dari zisizofunikwa. Moshi wenye joto hujikusanya darini, na ukifika nyuzijoto 500 hadi 600 chumba kizima huwaka kwa mkupuo. Bidhaa zikiisha, mbao zilizo wazi huendelea kuulisha moto.

Swali hilo linawahusu pia wajenzi wa maghorofa ya mbao za kubandika, kama lile la Fumba, Zanzibar, ambalo mpango wake ulitangazwa mwaka 2021. Gundi ikilegea kwa joto, tabaka lililoungua huanguka na mbao mpya hushika moto.

Kwa mwenye banda, ushauri ni huu: weka nguzo nene, funika dari na ukuta wa karibu na jiko kwa jipsamu, ambayo ina maji ndani yake yanayopunguza joto, na acha mlango wa pili. Moto ukizuka, toka kwanza, kisha piga 114.

Kwa mkulima wa Uluguru mwenye miti mipakani mwa shamba, funzo ni moja: mti uliokatwa ungali mwembamba hautoi nguzo ya inchi 6.