Kazi ya Wadogo katika Maji ya Muhogo



Komini ya Lubunga iko upande wa kushoto wa mto Congo, ng'ambo ya mji wa Kisangani. Huko, kama pahali pengi pa Tshopo, muhogo ndio nguvu ya nyumba: majani yake ni sombe, mizizi yake ni fufu na kwanga. Kila mama anajua kwamba muhogo mchungu hauliwi siku ile ile unapong'olewa. Anautia katika maji, anaungoja siku tatu ao nne mpaka ulainike. Juu ya nini kungoja? Na ni nani anayefanya kazi wakati mama amelala?

I. Sumu ya muhogo

Mzizi wa muhogo umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ndani ya chumba mna kitu kiitwacho linamarina. Katika ukuta wa chumba mna kitu kingine, linamaraza, chenye nguvu ya kukivunja. Ukuta ukiwa mzima, hivi viwili havikutani. Ukibomoka, vinakutana: linamarina inavunjika, na mwishoni inatoka sumu ya sianidi, ambayo inakwenda zake pamoja na maji na hewa. Basi, sharti ukuta ubomoke kabla ya kula, si baada ya kula.

Mtu anayekula siku nyingi muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, bila samaki, nyama wala maharagwe ya kutosha, anaweza kupatwa na konzo. Munganga Trolli aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1938, alipouona katika Kwango. Kwa Wayaka jina hili maana yake ni miguu iliyofungwa. Unapiga kwa ghafula, zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Miguu inakakamaa, wala haiponi tena. Mara nyingi unafuata njaa na vita, kwa sababu mwenye njaa hangojei.

II. Kabila la wadogo

Wanaobomoa ukuta ni mikrobi. Wachunguzi waliopima maji ya muhogo katika Congo-Brazzaville walieleza kazi yao mwaka 1996. Siku ya kwanza wanaingia mikrobi wa namna nyingi, nao wanamaliza hewa iliyo katika maji. Hapo wanapata nafasi wale wanaoweza kuishi bila hewa, hasa wale wanaochachusha maziwa. Hao wanafanya maji kuwa makali, na ukali ule unafukuza wengi wa wale wanaoozesha chakula. Wengine wanayeyusha ulimbo unaoshikanisha vyumba vya mzizi, na muhogo unalainika. Hakuna mmoja anayeweza kazi yote. Wa pili anakaa juu ya kazi ya wa kwanza.

III. Ulizo la mvivu

Ulizo: Mikrobi anayeyusha chakula nje ya mwili wake, na sukari inayopatikana inatawanyika katika maji. Jirani asiyefanya kazi anaila pia. Je, wavivu hawatashiba na kuzaa kuliko wengine, mpaka wafanya kazi wote waishe?

Jibu: Mwaka 1964 Mwingereza W. D. Hamilton alionyesha kwamba msaada unaweza kudumu kati ya viumbe kama wanaofaidika ni ndugu wa yule anayesaidia. Mikrobi akijigawa, mara nyingi watoto wake wanabaki karibu naye. Sukari inayomponyoka inawafikia wao kwanza.

Tena, mwaka 2009 wachunguzi wa Marekani walipima chachu, ile inayoinua mkate. Chachu inavunja sukari nje ya mwili wake. Katika sehemu 100 inashika karibu 1 tu, na 99 zinakwenda kwa majirani. Wavivu wakiwa wachache, wanaongezeka upesi. Lakini wakizidi, sukari iliyovunjwa inapungua, na sehemu ile moja inampa mfanya kazi faida kuliko wao. Kwa hiyo wote wawili wanabaki, hakuna anayemaliza mwenzake.

IV. Sisi tuseme nini?

Mafundisho haya juu ya mageuzi ya viumbe yasitutie hofu. Papa Pius XII, katika Humani Generis ya mwaka 1950, aliwaachia wenye elimu nafasi ya kuchunguza asili ya mwili wa mtu, na Yoane Paulo II mwaka 1996 alikubali kwamba elimu hii si wazo la kukisia tu.

Lakini tujihadhari na makosa mawili. Wengine wanasema: «Viumbe vinakulana, basi na watu wakulane.» Maji ya muhogo yanawakatalia. Wengine wanasema: «Mikrobi wanapendana, tuwaige.» Hao pia wanakosa. Chachu inaacha sehemu 99 kwa sababu haiwezi kuzishika. Hiyo si sadaka. Tena msaada wake unafuata udugu na ujirani. Mtu peke yake anaweza kushika, kisha akafungua mkono kwa hiari, hata kwa asiye wa kabila lake. Ndiyo mapendo tunayohubiri.

Lubunga inajua thamani yake. Mwaka 2023 mafarakano ya Wambole na Walengola yalifukuza jamaa nyingi nyumbani mwao. Mkimbizi amepoteza shamba, chombo cha kulowekea, na siku za kungoja.

Kwa hiyo, ninyi makatekista, mkiwafikia watu wa namna hii, msiseme tu: «Ngojeni.» Anayeambiwa angoje apewe kitu cha kula siku zile. Jumuiya iwaazime pipa, iwape unga uliokwisha kukauka, na samaki ao maharagwe kidogo. Halafu waelezeni wazi: muhogo mchungu ukae katika maji siku tatu ao nne, mpaka uvunjike kwa vidole, maji yake yamwagwe, na muhogo ukaushwe ao upikwe vizuri. Wale wadogo hawawezi kuharakishwa kwa sababu sisi tuna njaa.